Nilimlilia Kishindo kwa Jina la Mjukuu Wangu

Nimekosa. Sitaki mtu anisaidie kulisema, nimelisema mimi mwenyewe. Ni ule mwaka tulikula maembe mabichi kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi, mtama ukakaukia shambani, na wakwe wakakaribishwa kwa mihogo ya kuchemsha bila hata dagaa pembeni. Wa huku kwetu Lunyo wakisoma hapa watajua ni mwaka gani. Si zamani! Ukali wa yale maembe bado uko mdomoni mwangu, na kosa langu nalo lilitokea mdomo huo huo.

Jina langu silitoi. Niliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo mkiona maneno yamekaa vibaya, msicheke. Someni tu.

Mimi ni mwanamke wa kulia msibani. Mwili ukishafika, watu huulizana, "Amekuja?" Hawamuulizi mchungaji, wananiuliza mimi. Nikianza kumwita marehemu kwa jina lake, na jina la baba yake, na mto aliokunywa maji yake, wanaume wenye ndevu hutafuta ukuta wa kuegemea. Nimelia Lunyo, nimelia Busia zote mbili, ya kwetu Uganda na ya Kenya. Nilijivunia, sitadanganya. Nilijivunia kuliko mwanamke aliyeezeka bati jipya.

Na nilijivunia kitu kingine: mjukuu wangu. Nitamwita Wandera, ingawa si jina lake. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikufa Wandera bado anatambaa. Mama yake akaolewa mbali. Nikamlea mimi. Sasa ni mwanaume mrefu, kifua kama mlango wa kanisa, na ana pikipiki ya kubeba abiria pale mpakani. Wanawake sokoni walikuwa wakinisalimia, "Mama, kale kajukuu kako hakajambo?" Kajukuu! Kitu kinachoinama ili kiingie mlangoni kwangu!

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia.

Mwanangu alipokuwa mtoto, kulikuwa na kitabu cha katuni kikiuzwa ng'ambo, upande wa Kenya. Kilikuwa kinaitwa Kishindo. Huyo Kishindo ni mtu mwenye nguvu za ajabu, amevaa kaptula nyekundu, shuka inapepea mgongoni, na kazi yake ni kupigana na miungu. Kuna mungu wa radi, mikono yake kama matawi. Kuna wa maji, ana mapezi. Mmoja alikuwa ule Mwamba wa Tororo wenyewe, umechorewa macho na meno! Mzee wangu akivuka mpaka alikuwa anarudi nacho, watoto wanakigombania mpaka kinachanika. Halafu kikaacha kutoka, watoto wakakua, kikasahaulika.

Ule mwaka wa maembe Fundi Musa akakifufua. Musa ni fundi wa redio mjini, Mwislamu, mtu mpole, rafiki ya mwanangu tangu wakitembea bila viatu. Alifungua sanduku la marehemu mama yake akakuta Kishindo zote humo, za kwanza mpaka ya mwisho. Akapiga picha, akatuma kwenye simu za watu. Jamani! Watu wazima wenye mvi wakaamka kama nyuki. Mmoja akatokea Kisoko, mwingine Mwello, wengine ng'ambo. Wakawa wanakuja Jumapili mchana barazani kwangu, kwa sababu mwanangu ndiye alikuwa Kishindo wao walipokuwa wanacheza utotoni.

Basi wanakaa, vitabu viko katikati kwenye mkeka, na kelele inaanza.

"Huyu wa radi angempiga huyu wa maji mara moja!"

"Wapi! Wa maji angemzima kama kaa la jikoni!"

"Wewe nyamaza. Ulikuwa unajificha nyuma ya dada yako ukurasa wa Mwamba ukifunguliwa."

"Nilikuwa nakwenda kukojoa!"

"Kila wiki?"

Mtu ana wajukuu, na anagombana juu ya mapezi! Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Walikuwa wananirudishia mwanangu kidogo kidogo, ndiyo maana nilikuwa nawapikia mihogo yangu ya mwisho.

Siku moja Musa akaniambia, "Mama, tunataka tucheze kitabu cha mwisho uwanjani, watu wote waone. Wandera awe Kishindo. Ana mwili wa baba yake."

Nilivimba kama andazi. Nikamwambia anisomee hicho cha mwisho, kwa sababu nilikuwa nimekisahau.

Akanisomea. Kishindo ameshapiga miungu yote, amebaki mmoja tu, Mla-Majina. Huyo hakuchorewa uso. Ni kanzu nyeusi imesimama, ndani hamna mtu. Hana mkuki, hana radi. Kishindo anamkimbilia, anaanguka chini kama mfu. Halafu miungu yote iliyopigwa inarudi, inazunguka shimo lililochimbwa, inamwambia mama yake Kishindo, mlilie, mtaje jina, umzike. Kwa sababu huyo Mla-Majina hawezi kumla mtu mpaka wa kwao amtaje kwa kilio.

Na mama yake amesimama pale, kitambaa kichwani, amefunga mdomo. Juu ya kichwa chake kuna maneno machache. Musa akayaonyesha kwa kidole, akasoma:

"Simziki mtu aliye hai."

Wanamwambia tena, anajibu hayo hayo. Miungu inangoja. Inangoja mpaka inachoka, inaondoka mmoja mmoja. Kitabu kinaisha Kishindo bado amelala, lakini kidole chake kimoja kimekunjika.

"Ndiyo imekwisha?" nikauliza.

"Imekwisha, mama. Utotoni tulikasirika sana. Tulitaka ngumi."

"Na huyo ni mama gani? Mwanawe yuko chini, na yeye amefunga mdomo kama aliyenyimwa chumvi! Huyo ni mchawi. Mtaniweka mimi, niwaonyeshe mama anavyolia."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu kimechorwa na mwanaume."

Walicheka, wakapiga makofi. Ee Mungu wangu, walipiga makofi!

Kosa halikuishia hapo. Vita vyao walikuwa wanavicheza kitoto, wanarukaruka wanapiga hewa. Nikawaambia simameni. Mimi najua vita vya aina moja tu. Kwetu mzee akishazikwa, vijana huchukua madume ya ng'ombe, matawi, mikuki na filimbi, wanakimbia navyo mpaka mwisho wa kijiji wakikifukuza kifo, wanakichoma choma huko porini, ndipo wanarudi. Hiyo hufanywa kaburi likiwa limeshafunikwa. Hakuna mtu anayeifanya bure. Hakuna! Musa hakujua, si kwao. Wale wengine walifikiri nimewauliza wazee. Mimi nilijua, na sikuuliza mtu. Nikawafundisha vijana filimbi inavyopigwa na matawi yanavyoshikwa, nikatoa na dume langu mwenyewe.

Mzee wangu alituacha wanawake wawili. Mke mwenzangu siku hiyo alikuwa anaanika mihogo, akasikia filimbi. Akaja mbio, unga mikononi.

"Wewe mwanamke! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni mchezo wa katuni."

"Na ng'ombe ameambiwa kwamba ni mchezo?"

"Una wivu. Wewe ukilia msibani hata kuku hawageuzi shingo."

Alipangusa unga mikononi, akaniangalia. Tumegombana miaka mingi, mimi na yeye, lakini macho yale hayakuwa ya ugomvi. "Sawa," akasema. "Lia. Lakini mlilie huyo wa kitabuni. Kijana usimtaje."

Nikamwambia nimesikia.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, uwanja umejaa, wengine wamepanda juu ya magari. Miungu ikatoka imevaa majani ya migomba na magunia, imejipaka majivu. Mwamba wa Tororo alikuwa mwalimu mmoja mnene amevaa maboksi. Watu walicheka! Wandera akatokea na kaptula nyekundu, wasichana wakapiga kelele. Halafu filimbi zikalia, matawi yakaja, dume langu likaingia mbio, vumbi likapanda.

Na kicheko kikakatika. Nikaona wazee waliokuwa wamekaa pembeni wanasimama, wanavua kofia. Hawakuambiwa. Mwili wenyewe unajua ile filimbi ni ya nini. Hapo ningeweza kusimamisha. Sikusimamisha.

Mla-Majina akaingia, kijana amefunikwa kanzu nyeusi. Wandera akamkimbilia, akaanguka. Alianguka vizuri mno! Mkono umekunjwa chini ya kifua, shavu kwenye vumbi, vile vile baba yake alivyolala siku walipomleta.

Nikatoka katikati. Nilitaka kusema Kishindo, naapa. Lakini Kishindo ana baba gani? Alikunywa mto gani? Kilio kinataka mahali pa kushika, na yule wa kitabuni hana pa kushika. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, watu wamenyamaza wananingoja mimi. Nikamtaja Wandera. Nikamtaja kwa jina lake, nikamtaja kwa baba yake, nikautaja mto. Nikamuuliza ameniachia nani wa kuinama mlangoni kwangu. Wanawake wakaitikia, kwa sababu mimi nikiita huitikiwa, na uwanja mzima ukalia, wengine wamebeba simu juu wananirekodi.

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji. Ilikuwa tamu. Sijawahi kulia vizuri kama siku ile. Hilo ndilo ungamo langu, hayo mengine ni maelezo.

Wandera aliinuka anakung'uta vumbi, anacheka. "Kukhu, ulivyonililia! Karibu nife kweli!" Kukhu ndiyo bibi, kwa lugha yetu. Watu walicheka kidogo. Wengine hawakucheka.

Tukatafuta dume, halionekani. Lilikuwa limerudi nyumbani peke yake. Tulilikuta pale alipozikwa mzee na mwanangu, limesimama pembeni ya kaburi la mwanangu, kwenye nafasi iliyo wazi. Linakwaruza ardhi kwa kwato. Wanaume waliliburuta kwa kamba. Alama ya kwato ikabaki. Nikaifagia, nikamwagia maji, nikaifagia tena.

Picha za simu zilivuka mpaka kabla yetu. Haikupita wiki, tukasikia vilio kutoka barabarani. Shangazi mmoja wa Wandera, binti wa ukoo aliyeolewa upande wa Kenya, anakuja na wenzake, wamejifunga leso kiunoni, kuku kwapani, unga kichwani. Wanamlilia kwa jina. Walichukua maneno yangu yale yale kwenye simu, mpaka ule mto!

Wandera alikuwa langoni anaosha pikipiki. Akasimama na kitambaa mkononi.

"Kukhu, hawa wanamlilia nani?"



Shangazi alipomwona, kilio kikakatika katikati, kuku akamponyoka. Wandera akanyoosha mkono, "Shangazi, karibu, mimi mzima." Yule mama akaficha mikono nyuma. Akaniuliza mimi, siyo yeye, "Nimekuja na machozi. Nitayaweka wapi?" Kwetu machozi ya msiba hayarudishwi nyumbani, ukirudi nayo yanaita mtu wa kwako. Akaenda nyuma ya jiko, akampa kijana mgongo, akalia taratibu mpaka akamaliza. Akaondoka bila kunywa maji.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Kule steji ya pikipiki wenzake walianza na utani. "Marehemu, umepata abiria?" "Marehemu, huko kuna petroli?" Wandera alicheka nao. Lakini wanawake wa kuvusha nyanya, wale waliokuwa wanagombania pikipiki yake, wakaanza kupita wanaangalia pembeni. Nani atapanda nyuma ya mtu aliyeshaliliwa? Mama wa msichana aliyekuwa anamchumbia akarudisha kitenge tulichompelekea. Alikirudisha kimekunjwa vizuri, hajawahi kukivaa. "Si ubaya, mama," akaniambia. "Lakini mwanangu hataanza maisha na ujane."

Nilikwenda kwa mchungaji. Akasema hizo ni imani za giza, tuombe. Tukaomba. Fundi Musa alikuja analia machozi, akataka kuvichoma vile vitabu vyote. Nikamkataza. Kitabu kilikuwa kimesema kweli, mimi ndiye niliyekibishia!

Wandera aliacha kucheka. Akawa anakula amesimama mlangoni, kama mgeni asiyelala. Asubuhi moja akaja na begi. Kuna trela linakwenda Juba, dereva anataka tanboi wa kumsaidia njiani, na watu wa huko hawajaona kilio changu kwenye simu ya mtu yeyote.

"Mwanangu, usiende, nimekukosea," nikamwambia. "Kaa, wataisahau."

"Hapana, Kukhu. Wewe ulinililia vizuri sana. Hakuna kazi imebaki."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana! Aliinama mlangoni, akatoka. Simu yake iliita siku za kwanza, halafu mama yule wa kwenye simu akaanza kusema hapatikani. Nilimtukana yule mama mpaka nikachoka. Halafu madereva wakaleta habari kwamba njia ile kuna matrela yamechomwa porini. Matrela gani, hawajui. Watu gani, hawajui.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wa mzee wangu, alikuja na wazee wa ukoo. Wakakaa. Hawakutaka chai.

"Shemeji," akasema, "wewe ulifungua msiba ambao hauna maiti. Vita vimepiganwa, kilio kimetoka, kaburi ndilo halipo. Kifo kinazunguka hapa kinatafuta mahali pake. Ndama wangu amekufa. Mwenzako huyo anakohoa. Watoto wako hapa ndani."

Ni kweli. Mke mwenzangu anakohoa, nasikia ukutani.

"Tuzike mgomba," akasema. Kwetu mtu akipotea mbali mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, linavishwa nguo zake, linazikwa kwa jina lake, msiba unafungwa. "Utoe shati lake moja. Na wewe uliyeanza kumtaja ndiye utaweka udongo wa kwanza. Tumalize, watu wapumue."

Nilimwangalia mke mwenzangu, nikijua yeye ana haki ya kunisukuma. Alikohoa, akageuza uso.

Na mimi, niliyemcheka yule mama wa kwenye katuni, nikasikia maneno yake yananitoka.

"Simziki mtu aliye hai."

"Unajuaje yuko hai?" shemeji akauliza.

Sijui. Hicho ndicho kinanila. Sijui! Ninachojua ni kwamba safari ile niliombwa nifunge mdomo nikaufungua, na aliyelipa si mimi. Nikimtaja tena juu ya shimo, nikaweka udongo, nitakuwa nimemmaliza kwa mikono baada ya kumwanza kwa mdomo.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi wenzangu mnaosifiwa kwa kitu: ule utamu wa kusifiwa muuogope. Msicheze na mambo ya kufiwa ili watu wapige makofi. Mtu wenu akiwa anapumua, jina lake litajeni kwa kumwita ale, kwa kumgombeza, kwa kumtuma dukani. Msilitie kwenye kilio hata kwa mchezo, hata kwa katuni, hata mkiombwa na watu wazuri kama Musa. Na mwenzako akikuambia acha, hata kama ni mke mwenzio mnayechukiana, acha!

Wazee wamerudi leo, nawaona kupitia dirishani. Shina la mgomba wameliegemeza ukutani. Shimo wamechimba wenyewe, pembeni ya kaburi la mwanangu, pale pale dume lilipokwaruza. Wamelizunguka, wamekunja mikono, wananingoja, kama kwenye ule ukurasa wa mwisho. Shati la Wandera nimelivaa mimi ndani ya gauni langu. Wakilitaka watanivua.

Shemeji ananiita mara nyingine. Nakwenda kumjibu, na ninaliandika jibu hapa kwanza, Wandera, kama simu yako inafunguka popote ulipo:

Simziki mtu aliye hai.